Tiba kwa vitendo na vifaa saidizi vya umeme Zanzibar: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyaokota kliniki, barazani, ndani ya boti ya Pemba, na zaidi ya yote kwenye ujumbe wa sauti unaoingia saa nne za usiku. Ninayajibu kama mtu wa tiba kwa vitendo ninayefanya kazi Unguja na kuvuka kwenda Pemba kila inapobidi. Ukikuta jibu limekatwa na kukupeleka kwengine, lifuate huko.

## Ya mwanzo

Tiba kwa vitendo ndiyo hiyo hiyo fiziotherapia?

Hapana, ingawa tunashirikiana kila siku. Mtu wa fizio atahangaika goti lipinde na bega linyanyuke. Sisi tunauliza: goti likishapinda, unataka kwenda nalo wapi? Bimkubwa aliyepigwa na kiharusi hatuishii kumwambia anyooshe vidole. Tunataka kujua kama anaweza kujitawadha, kujifunga kanga, kukaa juu ya mbuzi akakuna nazi. Akiwa hawezi tena kwa njia aliyoizoea, tunatafuta njia nyengine, au tunabadilisha kifaa, au tunabadilisha nyumba.

Wengi wetu tulioko Tanzania tumesomea KCMC, Moshi. Si wengi, na visiwani ndiyo tuko wachache zaidi, kwa hiyo usishangae ukiambiwa usubiri siku ya kliniki.

Vifaa saidizi vya umeme ni vipi hasa?

Ni kila kinachotumia umeme au betri kumsaidia mtu kufanya jambo ambalo mwili, macho, masikio au kumbukumbu zimemkatalia. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya vifaa saidizi 50 vya kupewa kipaumbele. Ndani yake yamo magongo na fimbo nyeupe, lakini pia viti mwendo vya umeme, shime sikio (kile kifaa cha sikioni cha kumsaidia asiyesikia vizuri), saa zinazosema, programu za kusoma skrini, vya kumtambua mtu aliyeanguka na vya kumtafuta aliyepotea. Simu yako ya mkononi nayo imo katika ukoo huo, na mara nyingi ndiyo kifaa kizuri kuliko vyote kwa sababu tayari unayo.

Nimekuja kuomba kifaa. Mbona mnaniuliza maswali mengi?

Kwa sababu kabati nyingi zimejaa vifaa vizuri visivyotumika. Cha kwanza tunachotaka kujua ni shughuli. Tunamwomba mgonjwa mwenyewe, si mwanawe wala jirani, ataje mambo matano yanayomuumiza kuyakosa. Kila moja alipe alama kutoka 1 hadi 10: anavyoweza kulifanya sasa, na anavyoridhika nalo. Baada ya miezi michache tunamuuliza tena alama zile zile. Kipimo hiki kina asili ya Canada, ila kinafanya kazi vizuri tu juu ya mkeka.

Niliwahi kuitwa kwa mvuvi mstaafu ambaye wanawe walikwisha kuamua: wanataka kiti cha umeme, na fedha wamekwisha kuchanga. Mzee nilipompa nafasi ya kusema, kiti hakikuwamo hata katika matano yake. La kwanza lilikuwa kuwatumia wenzake ujumbe wa sauti. Mkono wake ulikuwa unatetemeka, kidole kinaruka, sauti inakatika baada ya "Haloo". Tuliingia kwenye mipangilio ya ufikivu, tukarefusha muda wa kugusa, tukaifunga simu kwenye kibao kisichoteleza, tukamwonesha jinsi ya kuifunga rekodi ijiendeshe bila kushikilia kitufe. Ikachukua asubuhi moja. Fedha za kiti zilitengenezea choo.

Mnamwita "mgonjwa" au "mteja"?

Vitabuni ni mteja. Kliniki kila mtu anasema mgonjwa. Mwenyewe ana jina lake, na tukilijua tunalitumia.

## Simu uliyonayo

Haoni. Simu ya kawaida itamsaidia nini?

Mengi. Simu nyingi za Android zina programu inayoitwa TalkBack: ukigusa kitu, inakitaja kwa sauti; ukigonga mara mbili, kinafunguka. Kwenye iPhone inaitwa VoiceOver. Android ina sauti ya Kiswahili, lakini ukaguzi wa kwanza ni hapo: ingia kwenye mipangilio ya sauti, uchague Kiswahili na uipakue sauti hiyo kupitia Wi-Fi. La sivyo utasikia Kiswahili kikisomwa kwa ulimi wa Kiingereza, na mzee ataitupa simu siku ile ile.

Simu nyingi zinawasha na kuzima TalkBack kwa kubana vitufe viwili vya sauti kwa sekunde tatu. Jifunze hili kabla hujaiwasha, maana ikishawaka, vidole vya mtu anayeona huchanganyikiwa. Nimepokea simu za watu waliodhani imeharibika.

Kwa kompyuta, NVDA, programu ya kusoma skrini, ni ya bure na ndiyo ninayoanza nayo. Kwa mafunzo marefu, mtafute mtu asiyeona anayeitumia kila siku. Ulizia kwenye Jumuiya ya Wasioona Zanzibar, ZANAB. Mwalimu wa namna hiyo anajua pa kukwama, mimi ninajua pa kubonyeza tu.

Je, anaweza kuiandikia simu kwa kusema badala ya vidole?

Ndiyo, kwa Kiswahili, na kwa wengi inafanya vizuri. Ina mipaka miwili. Ulimi ulioguswa na kiharusi unaichanganya. Na mzee wa Makunduchi akiteremka na Kikae chake, lahaja ya huko, simu huandika mambo yake yenyewe. Mwambie aseme polepole kama anayezungumza na mgeni kutoka bara, vipande vifupi, kisha asikilize kilichoandikwa kabla ya kutuma.

Programu za namna hiyo hiyo huwasaidia viziwi wanaosoma: simu inawekwa mezani na maneno ya anayezungumza yanajiandika. Kwa anayetumia lugha ya alama, simu ya video ina faida kubwa zaidi kuliko maandishi.

Shime sikio ni kazi yenu?

Kuipima na kuichagua si kazi yetu, nenda kwa mtaalamu wa masikio. Tunaingia kwenye matumizi: vidole vyenye baridi yabisi vinawezaje kufungua kile kimlango cha betri. Kuhusu betri zake, tazama sehemu ya umeme na unyevu.

## Asiyeweza kusema

Mtoto akipewa kifaa cha kumsemea, si ndiyo atakuwa mvivu wa kusema?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na wanaouliza zaidi ni bibi zao. Hapana. Tafiti zilizofanywa juu ya jambo hili hazikuona kifaa kikizuia usemi, na kwa baadhi ya watoto usemi uliongezeka. Mtoto mwenye usonji au mtindio wa ubongo hakai kimya kwa uvivu. Akiona kwamba akibonyeza picha dunia inamjibu, anapata sababu ya kuendelea kuwasiliana kwa kila njia aliyonayo, mdomo ukiwamo.

Tuanze na maneno gani?

Wazazi husema "maji", "chakula", "choo". Hayo mara nyingi mama anayajua hata bila kifaa. Mimi siku hizi naanza na neno la kumwingiza mtoto kwa watu.

Kulikuwa na mtoto wa kiume wa miaka saba Pemba, mwili umekakamaa, anakalishwa barazani kila alasiri. Tulimwekea kitufe kimoja kikubwa kinachocheza sauti moja, tukamrekodia binamu yake wa rika lake akisema, "Shikamoo babu!" Mara ya kwanza mzee aliyekuwa anapita alitazama huku na huku kumtafuta aliyemwamkia. Mtoto akabonyeza tena. Mzee akarudi nyuma hatua mbili, akainama mpaka usawa wa kiti, akasema "Marahaba mjukuu wangu, hujambo?" Miaka saba alipita hapo bila kumjulia hali. Wiki iliyofuata mama alinipigia simu kulalamika kwamba kitufe kinapigwa mpaka magharibi, na betri zimekwisha.

Zingatia sauti. Mtoto wa kiume asisemewe na sauti ya mtu mzima wa kike ikiwa kuna mtoto wa rika lake wa kumrekodia.

Hatuna fedha za mashine ya kuzungumza. Kuna njia?

Zipo programu za bure za simu na vishikwambi, LetMeTalk ikiwa mojawapo, zenye picha maelfu kutoka mkusanyo wa ARASAAC unaotolewa bure na serikali ya jimbo la Aragon, Hispania. Picha nyingi ni za Ulaya: mkate mrefu, koti la baridi. Piga picha zako mwenyewe. Sufuria ya nyumbani kwao, skuli yao, chuo chao cha Kurani, uso wa dada yake.

Tengeneza pia nakala ya karatasi. Picha kumi na mbili zilizopigwa plastiki hazihitaji chaji, na ndizo zitakazoingia naye majini akienda pwani.

Kishikwambi tulichompa amekigeuza cha katuni.

Angekuwa mtoto gani asifanye hivyo? Tenganisheni vifaa ikiwezekana. Kama ni kimoja, tumia kipengele cha kuibana programu moja kwenye skrini ili isitoke bila namba ya siri. Na msimnyang'anye kwa adhabu, kwani mtamnyang'anya sauti.

## Swichi na mambo ya nyumbani

Mikono haifanyi kazi kabisa. Ataitumiaje simu?

Kwa swichi. Simu za Android na iPhone zote zina mfumo ambao skrini hujipitisha yenyewe, kitu kimoja baada ya kingine, na mtu anabonyeza swichi linapofika analolitaka. Swichi inaweza kubonyezwa kwa kichwa, goti, kisigino, popote pale mwili unapoitika kila mara bila kuchoka. Simu mpya zinaweza hata kutumia kamera kutambua ishara ya uso, kama kutabasamu au kunyanyua nyusi.

Kabla ya swichi, makalio. Mtu aliyekaa upande anatumia nguvu zake zote asianguke, hana za kubonyezea. Nyonga ziingie ndani mpaka nyuma ya kiti, miguu ipate pa kukanyaga, ndipo tutafute mahali pa swichi. Nimeona swichi ya bei kubwa ikilaumiwa kwa kosa la mto wa kukalia.

Swichi zinauzwa ghali. Fundi wa mtaani anaweza kutengeneza?

Anaweza, na kwa umeme mdogo wa betri na USB sina wasiwasi naye.

Kwa kompyuta, mpelekee kipanya cha zamani ambacho kitufe chake cha kushoto bado kizima. Akifungua ataona kiswichi kidogo cheusi chini ya kitufe. Apime kwa mita miguu miwili inayokutana kitufe kikibonyezwa, alehemu nyaya mbili hapo, na mwisho wa nyaya afunge tundu la jeki ya milimita 3.5, saizi ile ile ya spika za masikioni. Hapo swichi yoyote kubwa ikichomekwa inakuwa kitufe cha kipanya. Kwa simu atumie kibodi ya USB badala ya kipanya, maana mfumo wa swichi wa Android unapokea vitufe vya kibodi.

Kwa mtoto mdogo anza na kichezeo cha betri, kama gari. Vipande viwili vyembamba vya shaba vikitenganishwa na kadi, kila kimoja na waya wake, vinapachikwa kati ya betri na chuma chake. Nyaya hizo mbili ziende kwenye swichi: umeme unakatika mpaka mtoto aibonyeze. Gari ikitembea kwa kubonyeza kwake, amejifunza somo la kwanza la swichi.

Kitu kinachochomekwa ukutani ni habari nyengine. Volti 230 asiguse mtu asiye fundi umeme.

Mama amelala kitandani, akiita hatusikii. Tufunge nini?

Kengele ya mlango isiyo na waya. Zinauzwa madukani Darajani kama kengele za kawaida. Kipaza sauti kinakaa jikoni au uani, kitufe kinakaa kwake. Kifunge kwa utepe wa kanga kwenye ubao wa kitanda, upande wa mkono mzima. Nyingi hutumia kile kibetri kifupi cha volti 12 kwenye kitufe: nunua cha akiba siku hiyo hiyo.

Na zile taa na feni za kuwasha kwa simu?

Zinafaa kwa aliyevunjika uti wa mgongo na yuko peke yake mchana. Kwa nyumba za Mji Mkongwe jueni kuwa kuta nene za mawe na chokaa zinameza Wi-Fi. Chumba kimoja kinashika, cha pili kimya. Mara nyingi naanza na feni ya rimoti.

## Viti vya umeme

Tumepata kiti cha umeme kutoka kwa ndugu nje. Tukilete?

Piga kwanza vipimo vitatu: upana wa mlango, urefu wa kizingiti, na njia kutoka nyumbani mpaka barabarani. Kiti kingi cha umeme kina upana wa sentimita 60 hadi 70 na hakibebeki na mtu mmoja. Kizingiti cha sentimita 15 kinahitaji mteremko wa sentimita 180, kwa kanuni ya 12 kwa 1. Kwenye kichochoro hakuna pa kuuweka, na kwenye mchanga wa pwani magurudumu madogo yanazama.

Kisha soma kibandiko cha chaja. Ikiandikwa 100–240 hamna neno. Ikiandikwa 120 pekee, kama zilivyo baadhi zinazotoka Marekani, ukiichomeka hapa utaipoteza siku ya kwanza.

Na kiti kilipimwa kwa mtu mwengine. Tuleteeni aliyekusudiwa pamoja na kiti, tukirekebishe. Asiyehisi makalio yake akikaa juu ya mto usiomfaa anapata kidonda, na kidonda cha kukalia kinaua.

Nani asiendeshe?

Kiharusi kinapomfanya mtu asahau upande mmoja wa dunia, kwa kawaida wa kushoto, ataacha chakula nusu ya sahani na atagonga mwimo wa kushoto kila mara, huku akiapa kuwa njia ilikuwa wazi. Huyo tunamfanyia mazoezi kwanza, na wengine tunawakatalia. Mwenye kifafa kisichotulia pia tunamsubirisha. Tunakataa kwa uchungu, lakini bodaboda hazitamsubiri aone.

## Umeme, betri, unyevu

Umeme ukikatika je?

Ukatike usikatike, panga kama utakatika. Waliokuwapo Unguja kati ya Desemba 2009 na Machi 2010, kisiwa kizima kilipokosa umeme wa gridi kwa takriban miezi mitatu, hawahitaji kushawishiwa. Hali ya leo si ile, ila units za TUKUZA, umeme wa kulipia kabla, nazo huisha usiku wa manane.

Kwa simu na vitufe, betri ya akiba ya kuchajia inatosha. Kiti cha umeme huwa na betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kupata 24. Zikiwa za risasi, zichajiwe kila usiku baada ya matumizi na zisiachwe tupu wiki nzima, hata mwenyewe akiwa amelazwa hospitali. Anayetegemea mashine ya kupumua awe na betri ya akiba iliyojaribiwa. Hilo mlipange na daktari wake, wala msilifanye kwa kunisoma mimi.

Kifaa kilikuwa kizima, ghafla kimekufa. Kwa nini?

Hewa ya chumvi. Fungua kimlango cha betri, utaona ukungu wa kijani kwenye vyuma. Futa kwa kitambaa kikavu na spiriti kidogo, na toa betri zote kifaa kikikaa bila kutumika.

Shime sikio ilale usiku ndani ya kopo linalofunga vizuri lenye vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Betri zake ndogo huanza kufanya kazi zikipata hewa: ukibandua kile kikaratasi, subiri dakika moja au mbili kabla ya kufunga, na usikibandue mapema, maana kukirudisha hakuiokoi betri. Rangi ya kikaratasi ndiyo saizi: njano ni 10, kahawia 312, chungwa 13, buluu 675. Ukimtuma mtu dukani mtume na rangi.

Ukivuka kwenda Pemba, kiti cha umeme kizimwe, kifunikwe nailoni sehemu ya usukani, kikae mbali na ukingo unaorushiwa maji.

## Fedha na haki

Serikali inalazimika kunipa?

Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Ibara ya 20 inazungumzia vifaa vya kumwezesha mtu kutembea kwa gharama anayoimudu, na ya 26 inazitaka nchi zihimize upatikanaji wa vifaa saidizi na ujuzi wa kuvitumia. Haki kuwapo na kifaa kuwapo ghalani ni mambo mawili. Duniani, ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya 2022 ilikadiria watu bilioni 2.5 wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, na katika baadhi ya nchi masikini wanaopata ni asilimia 3 tu.

Anzia kwa sheha wako ili jina liingie kwenye orodha, kisha nenda Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, na Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, UWZ. Chukua barua yetu ya tathmini. Barua inayosema "anahitaji kiti cha upana huu, ili afike skuli" hufika mbali kuliko "naomba msaada".

Mfadhili anataka kuleta kontena zima la vifaa. Tumwambie nini?

Mwambieni alete nusu yake, na nusu iwe betri, chaja, matairi na fedha za fundi. Niliwahi kufungua boksi la vifaa vya kuzungumzia vilivyojaa sauti za Kiholanzi zisizofutika. Vilikuwa vizuri sana.

## Maswali magumu

Ugonjwa wake unazidi kila mwezi. Tusubiri utulie ndipo tuchague?

Msisubiri. Magonjwa ya namna hiyo hayatulii. Arekodi sauti yake sasa, akiwa bado anaweza: majina ya watoto, salamu, dua anazozipenda, utani wake. Swichi ajifunze mkono ungali unaitika, ili siku ya kuhamia kichwani awe anaujua mfumo.

Baba anasahau, anatoka usiku. Tumfungie saa ya kumfuatilia?

Mwulizeni yeye, siku ambayo akili imekaa. Mimi huanza na kengele ndogo ya mlangoni inayolia mlango ukifunguliwa, na taa ya njia ya chooni, kwani mara nyingi anatafuta choo. Saa ya kufuatilia inafaa kama ataivaa, kama itachajiwa kila siku, na kama jina la atakayeamka kumfuata limekwisha kutajwa. Familia nyingi zinakwama kwenye hilo la tatu.

Mwenye kifaa amefariki. Tukifanye nini?

Kwanza msikifute. Watu hukirudisha kliniki siku ya tatu ya hitma, kimefutwa kila kitu kwa heshima, kisha baada ya mwezi binti anakuja kuuliza kama ile sauti ya mama bado ipo. Hamisheni rekodi zote kwenye simu mbili tofauti. Kama kilikuwa cha mkopo, tupigieni tukifuate wenyewe. Hatuna haraka nacho. Toeni betri tu, zisije zikavuja.